Usifungue Sefu Ingali Moto

Siku mliponiaga pale karakana kwa soda na keki, mlinitaka niseme mawili matatu kuhusu kazi. Nikasimama, nikashukuru, nikaketi. Mnanijua: nikishika kipaza sauti ulimi hunikauka. Sasa nimekaa nyumbani, goti langu bovu nimelinyoosha juu ya kigoda, naandika yale niliyoshindwa kuyasema. Habari za mishahara na nani alikuwa mkubwa wa nani sitazigusa. Nitaandika juu ya sefu za nyumbani, kwa kuwa ndizo zilizonilisha, na juu ya sefu moja hasa ambayo mpaka leo nikiikumbuka roho huniuma.

Niliingia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka wa tisini na sita, nikitokea upande wa Uvira, Kongo, na mke wangu na watoto wawili. Ufundi wa kuchomelea vyuma nilikuja nao kichwani, maana vifaa vyenyewe vilibaki. Kambini nilipewa kiwanja, jembe na turubai. Nililima mahindi msimu mmoja, na mahindi yenyewe yakanionyesha wazi kwamba niende nikatafute kazi ninayoiweza. Nikadandia lori la mkaa hadi Mbarara.

Huko nikampata Mzee Kakuru. Alikuwa fundi wa jeshi aliyestaafu, Mnyankore mfupi mwenye sauti ya gwaride, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara iendayo kambi ya jeshi. Alitengeneza vitasa, milango ya maduka na sefu za nyumba za maofisa. Alinitazama viatu kwanza, kisha mikono.

"Wewe Mukongomani, unajua sefu?"

"Najua kuchomelea, mzee."

"Mimi hapana uliza hiyo. Ita mwenzako, nyanyua ile."

Ilikuwa sefu ya chuma, kubwa kiasi cha mbuzi aliyelala. Mimi na fundi mwingine tukaikumbatia, tukaisukuma kwa mapaja, tukafika nayo mlangoni tukihema. Nilidhani atanisifu nguvu.

"Sasa mumeiba," akasema. "Hiyo sefu imekwenda. Mutafungua huko kwenu pole pole, na chai."

Siku hiyo nilijifunza kwamba uzito si ulinzi. Watu hununua sefu nzito, wakaitumbukiza kabatini, wakalala fofofo. Mzee Kakuru alitoboa matundu chini ya sefu na kuifunga kwenye sakafu ya zege kwa bolti zinazokazwa kutoka ndani, ili asiye na ufunguo asione hata kichwa cha bolti. Kisha alikuwa akigeukia bawaba. Bawaba zikiwa nje, mwizi huzikata na mlango ukabaki mikononi mwake. Kwa hiyo tulichomelea vijino vya chuma upande wa bawaba, viingie ndani ya fremu mlango unapofungwa. Hapo hata bawaba zikatwe zote, mlango haubanduki. Mbele ya kitasa, upande wa ndani, tuliweka kipande cha springi ya lori, kwa sababu chuma cha springi huikatalia keekee. Hayo yote mnayajua, nimewafundisha mwenyewe kwa kelele.

Jambo ambalo hamlitilii maanani ni ufunguo. Nimeingia nyumba nyingi, za maofisa kambini na za wafugaji wa Endiinzi wenye ng'ombe wasiohesabika, na mara nyingi niliukuta ufunguo juu ya fremu ya mlango wa chumba, au chini ya Biblia. Bwana mmoja aliniambia kwa fahari kwamba hakuna ajuaye mahali pake, na mkewe nyuma yake akaniashiria kwa kidevu, pale juu. Mzee Kakuru alimaliza maneno hivi: "Sefu hapana zuia mwizi, bana. Sefu inamuchelewesha tu. Wewe ongeza hiyo kuchelewa."

Somo la pili nililipata duka moja la nguo mjini lilipoungua. Mwenye duka alituita moshi ukiwa bado unafuka. Sefu ilikuwa imesimama katikati ya majivu, nzima, na yeye alikuwa na ufunguo mkononi.

"Sebo, bwana, ngoja kwanza," Mzee Kakuru alimwambia. "Iko moto ndani. Lala, kuja kesho."

Yule bwana hakuwa mtu wa kuambiwa ngoja. Akafunga mkono wake kwa kitambaa, akazungusha ufunguo, akavuta mlango. Karatasi zilikuwa nzima. Niliziona kwa macho yangu, zimepangwa vizuri, zimekuwa rangi ya chai. Kisha zikapata hewa, zikawaka zote kwa pamoja mbele ya uso wake. Karatasi iliyopikwa ndani ya chuma hungoja hewa tu. Alipoteza nyusi na kila kitu kilichokuwemo.

Mzee Kakuru alipofariki, karakana tukaibeba sisi aliotufundisha. Familia yangu ilibaki Nakivale, nami nilikuwa nikirudi huko mwisho wa juma. Ndipo kazi za kambini zikaanza kunifuata, na ya kwanza iliyonitoa jasho ilikuwa ya Mama Byamungu.

Mama Byamungu alikuwa shemasi wa kanisa letu, mjane, mama mrefu asiyependa maneno mengi. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, jirani na kanisa, na kwa sababu hiyo watu wa kijiji chetu walimwekesha karatasi zao: vyeti vya ukimbizi, kadi za chakula, vyeti vya shule vya watoto. Nyumba zetu nyingi zilikuwa za udongo na turubai. Humo mchwa alikuwa anakula, panya anakula, na mvua inamaliza yaliyobaki. Kumwekesha Mama wa kanisa ilikuwa desturi, hakuna aliyeulizwa kwa nini. Yeye aliviweka vyote ndani ya sanduku la bati ambalo ungeweza kulifungua kwa kijiko.

Byamungu ni jina la mwanawe wa kwanza. Siku ya kukimbia, mwaka uleule tuliokimbia sote, mvua ilikuwa inanyesha na watu wamejaa barabarani kama siafu. Mtoto alikuwa ameshika kitenge cha mama yake. Mama alipogeuka, kitenge kilikuwa kimelowa, kimening'inia peke yake. Mtoto alikuwa na umri wa kuanza shule. Alichobaki nacho ni picha moja ya mtoto huyo, iliyopigwa Uvira siku ya Krismasi. Kila lori lilipoleta watu wapya kutoka Kongo kwenye kituo cha mapokezi, Mama Byamungu alishuka na picha yake, akaipitisha kwa mmoja mmoja. Sisi majirani tulikuwa tumeonyeshwa mara nyingi mno. Ukienda kwake kuomba chumvi, unaonyeshwa picha. Nami nilionyeshwa, nikaitazama kila mara, kwa sababu ukiitazama haraka alikuwa akikushika mkono.

Akaniita siku moja baada ya ibada.

"Fundi, minataka sanduku yenye moto haiwezi kula. Nyumba ya kule chini iliungua juzi, batu babaki bule. Hapa kwangu kuko bitu ya batu mingi."

"Mama, moto ni mubaya kupita mwizi," nikamwambia. "Mwizi anachokaka. Moto haichoke."

"Basi tengeneza fasi moto itachoka."

Nilitengeneza visanduku viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine, na pengo la upana wa kiganja kati yao. Pengo hilo nililijaza jasi, ile wanayopigia dari mjini. Jasi ikishaganda huwa na maji yaliyofichika ndani yake; ikipata moto huyatoa kidogo kidogo, na yanapotoka yanazuia joto lisipite haraka. Kingo za mlango nilizikata kwa ngazi, ili joto lisipate njia iliyonyooka. Sakafu yake ilikuwa udongo ulioshindiliwa, haishiki bolti hata kidogo, kwa hiyo nilichimba shimo la kufika gotini, nikapanga mawe na nondo, nikamwaga zege. Niliwakataza watu wasikanyage. Bila shaka walikanyaga, na nyayo za kuku zilibaki humo milele.

Siku ya kuhamisha vitu nilimwambia jambo moja ambalo nawasihi nanyi mlishike: toa kila kitu kwenye kaveera. Sisi wakimbizi tuna ugonjwa wa plastiki. Tulikimbia mvuani, na kilichopona ni kile kilichokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu hapo kila kilicho cha thamani tunakivika kaveera, kisha kaveera juu ya kaveera. Kwa mvua ni sawa. Kwa moto ni balaa, kwa sababu karatasi huvumilia joto ambalo plastiki haiwezi. Plastiki huyeyuka, na inapoyeyuka hushika kilicho ndani na haikiachii.

Mama Byamungu alinielewa mara moja. Alikaa sakafuni na jirani yake Mama Neema, wakavua plastiki kwenye karatasi za watu wote, moja baada ya nyingine, wakazifunga kwa vipande vya shuka la pamba. Walipofika kwenye picha ya Byamungu, Mama akaishika pamoja na sashe yake ya plastiki, akaiweka kifuani.

"Hii hapana."

"Mama, ni yenyewe iko na hatari kupita zote. Foto inaogopaka joto."

"Fundi, ni hii sashe ilimukinga na mvua ile siku. Mimi nilishindwa kumukinga, sashe ikaweza. Sasa nitaitupa namna gani?"

Nilimwambia tena, na tena. Kisha nikaacha. Kitu kilikuwa chake, na mtoto alikuwa wake. Akaiweka picha juu ya vitu vyote, ndani ya sashe yake, akafunga, akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi. Angalau huo haukukaa juu ya fremu ya mlango.

Sefu ikakaa miaka. Kisha ukaja ule ukame ulioyafanya majani yote ya Isingiro, wilaya yetu, kuwa makavu kama makuti. Mchana mmoja upepo uliotoka ziwani ulichota kaa kwenye jiko la nyasi la mtu, ukalibeba hadi kwa mwingine. Mimi nilikuwa Mbarara, mikono imejaa mafuta, simu ikalia. Alikuwa Mama Neema, analia na kupiga kelele pamoja.

"Nyumba ya Mama Byamungu inaungua! Mabati ilianguka juu ya sefu!"

"Yeye iko wapi?"

"Iko inje. Hakuna mutu aliungua. Fundi, tufanye nini na sefu? Banaimwangia maji."

"Baache! Musimwange maji, musifungule. Kama minafika na minaikuta imefungwa, bitu yenu bitapona. Unasikia?"

Nilipanda bodaboda, na sikumbuki njia. Nilipofika, nyumba ilikuwa kuta nyeusi na mbao zinazofuka. Vijana walikuwa wameondoa mabati, na sefu ilionekana pembeni, imepauka, imesimama juu ya zege lake. Nilitema mate kwenye mlango wake, yakachemka na kupotea. Watu walikuwa wengi, maana karibu kila nyumba ya kijiji ilikuwa na kitu humo ndani. Na bila vyeti vile, kambini wewe si mtu. Hata foleni ya chakula hupangi.

Afande wa kituo cha polisi naye alikuwepo, kijana wa Kiganda aliyetaka mambo yaishe arudi kivulini.

"Fundi, fungua hii kitu mara moja. Watu wananisumbua."

"Afande, nikifungua sasa itawaka ndani. Nilishaona Mbarara. Tungoje ipoe, mpaka kesho."

"Kesho? Moto imekwisha, nyinyi munangoja nini?"

Watu wakaanza kunung'unika, na wengine walisema wazi kwamba ninalinda jina langu, kwamba najua humo ndani kumekwisha kuwa majivu na nataka nipate usiku wa kutoroka. Nilivuta jiwe, nikaketi mbele ya mlango wa sefu, mgongo wangu ukihisi joto lake.

Kisha Mama Byamungu akaja. Kitenge chake kilikuwa kimeungua pindo, na ufunguo alikuwa nao mkononi. Watu wakampisha. Mbele ya wale wengine nilikuwa na ubishi wa kutosha. Mbele yake sikuwa na kitu. Sefu ilikuwa yake na ufunguo ulikuwa wake.

"Ondoka, baba," akasema taratibu. "Mutoto wangu iko mule. Anaungua."

"Mama, ukifungula sasa ndiyo ataungua. Mulango inamukinga. Jasi iko inatumika kazi mpaka sasa."

"Nilimuacha mara moja. Niko namuacha tena?"

Mabinti zangu, vijana wangu, hakuna kitabu cha ufundi kinachojibu swali hilo. Nilimwambia: "Haumuache, Mama. Tunangoja naye." Akanyoosha mkono, akagusa chuma kwa ncha ya kidole, akaurudisha haraka. Kisha akauweka ufunguo kwenye kiganja changu, akaketi chini kando yangu, kwenye majivu. Mama Neema akaja akaketi. Wengine nao wakaketi. Afande akatafuta kivuli. Tulikaa hivyo, wakaimba nyimbo za kanisa kwa sauti za chini, tukalala palepale, na kulipokucha chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Kitasa kilikuwa kimevimba. Nilikitia mafuta, nikakigonga kwa nyundo ya mbao, nikakibembeleza, nikakigonga tena. Kikakubali. Mlango ulitoa harufu ya mkate ulioungua. Mama Byamungu hakutaka kutazama. Akaniambia nianze na vitu vya watu.

Vitambaa vya pamba vilikuwa vimekuwa kahawia na vyenye unyevu wa jasi, lakini karatasi ndani yake zilisomeka, zote. Mama Neema aliita majina, na kila aliyeitwa alikuja, akapokea cheti chake, akakibusu au akakipigia vigelegele. Mzee mmoja alicheza. Waliokuwa wamenituhumu walinishika mikono, nami nikawaachia waishike, nikiwa na roho juu.

Picha ilikuwa imeteleza na kuegemea ukuta wa sefu, upande ulioangukiwa na boriti la paa. Sashe ilikuwa imekunjamana na kuwa kipande kigumu kama kucha. Nilijaribu kuibandua kwa wembe kwa uangalifu wote niliokuwa nao, na rangi ikaja pamoja na plastiki. Palibaki kona ya pazia la studio, na karatasi nyeupe. Nilimpa Mama Byamungu. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, kadiri watu walivyomwona.

Hakulia. Alikigeuza kile kipande, akakigeuza tena, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Minaanza kumusahau. Foto ndiyo ilikuwa inanikumbusha."

Kisha Mama Neema, aliyekuwa bado ameshika vitambaa vitupu, akasema: "Sikio yake moja ilikuwa inatoka inje, kupita ingine."

"Ile ya kuume," akasema yule mzee aliyekuwa amecheza.

"Na shati ilifungwa vibaya, kifungo ya juu iliingia fasi ya pili," akasema mwingine. "Minaikumbuka kwa sababu mwanangu anafungaka vile vile."

Nami nikasema juu ya kovu dogo chini ya kidevu. Binti mmoja wa kwaya akasema hapana, kovu lilikuwa kwenye shavu, na Mama Byamungu akainua kichwa.

"Chini ya kidevu," akasema. "Fundi anasema kweli. Alianguka kwenye mutumbwi ya baba yake." Hapo ndipo machozi yakamtoka, nasi tukaendelea, kila mtu na kipande alichokibeba bila kujua kwamba amekibeba, mpaka jua likatuwaka vichwani.

Tangu siku hiyo sikukabidhi sefu ya moto bila kisanduku kidogo cha tatu ndani yake, nacho kimezungushiwa jasi, kwa ajili ya picha tu. Mnakijua, mnakilalamikia kila mara kwa kuwa kinakula nafasi. Endeleeni kukitengeneza. Mama Byamungu nilimtengenezea sefu nyingine juu ya zege lilelile, akaendelea kuwawekea watu vyeti vyao. Picha ya mwanawe ndiyo haikuwemo tena.

Mwaka huu niliostaafu, lori lilileta watu wapya, nami nikapita kituo cha mapokezi na goti langu. Nilimkuta Mama Byamungu pale, ameinama mbele ya mwanamke aliyechoka, aliyetokea pande zetu. Alikuwa na Mama Neema, yule mzee aliyecheza na binti wa kwaya, ambaye sasa ana watoto wake. Mama Byamungu alikuwa ameshasema jina na mwaka na barabara. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole:

"Mama, hauna foto?"

"Iko," akasema Mama Byamungu. Akageuka, akatutazama sote, nami nikiwemo. "Museme."